Kanga Ina Jina, Mtunzi Je?

Wajapani wana mungu wa kike anayeitwa Benzaiten. Ndiye mwanamke pekee katika ile miungu yao saba ya bahati, na mambo yake ni muziki, maji na ufasaha wa maneno. Asili yake ni Sarasvati wa Wahindi, aliyesafiri na dini ya Buddha mpaka huko. Mara nyingi huchorwa ameshika biwa, ala ya nyuzi inayofanana na gambusi letu.

Msomaji wa Mwananyamala utauliza: huyu anatuhusu nini? Ngoja kwanza.

Mwanzoni mwa karne ya 19, huko Edo, mji ambao leo ni Tokyo, washairi walikuwa na vijiwe vyao. Walitunga kyoka, mashairi ya utani yenye mizani 31, pungufu moja tu ya mishororo miwili ya shairi letu. Mwaka mpya ukikaribia walichangishana, wakampa kazi mchoraji kama Totoya Hokkei au Yashima Gakutei. Fundi akachonga mbao, mpiga chapa akazipaka rangi na kukandamizia karatasi. Ikatoka surimono: picha ya Benzaiten, au mwingine wa wale saba, na pembeni mashairi na majina ya watunzi. Hazikuwa za kuuza. Waligawiana wenyewe kwa wenyewe.

Sasa fungua sanduku la shangazi yangu pale Tandika. Kanga nazo ni picha na maneno: kuna pindo, kuna mji, na chini kuna jina. Tena karne iliyopita viwanda vya Japani vilituchapia kanga. Shangazi haoni ajabu. "Picha ya macho, mwanangu," anasema, "maneno ya jirani."

Lakini nani aliyatunga? Zile kanga maarufu za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa zimeandikwa "Mali ya Abdulla". Mwenye mali tunamjua. Maneno tunayaita jina la kanga. Kanga ina jina, aliyeipa hana.

Mimi yamenikuta. Mfanyabiashara mmoja alinipa hela ya soda kwa misemo minne. Miezi ikapita, nikakutana na mmoja wake kituoni Mbagala, umefungwa kiunoni kwa dada anayegombania daladala. Nilijisikia fahari, sikatai. Nikatamani nimwambie, dada, hayo maneno ni yangu. Angeniona chizi.

Ndiyo maana nawahusudu wale wa Edo. Sisi wa Temeke na Kinondoni tunalia kila siku kwamba wachapishaji hawatusomi. Ni kweli, hawatusomi. Lakini washkaji kumi wakichanga nauli ya wiki, wakampata mchora mabango mmoja, ukurasa unatoka. Badala ya Benzaiten tumweke nguva, nani atatukataza? Picha katikati, mashairi pembeni, na chini ya kila shairi jina kamili la aliyelitunga.