Tuta Moja

Husemwa mara nyingi kwamba fulani ana mkono wa kupanda na fulani hana, kana kwamba mchicha huchagua nasaba. Kauli hiyo huwavunja moyo wanaoanza, nayo hulificha jambo kubwa: bustani ya nyumbani ni elimu, na kila elimu ina adabu zake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Mwalimu mmoja mstaafu, aliyefiwa na mumewe, aliuhama Mji Mkongwe wa Unguja akarejea kwao Makunduchi, kusini ya kisiwa, ambako udongo ni haba juu ya mawe ya matumbawe. Miaka yote mboga kwake ilikuwa ni kitu cha kununuliwa Darajani. Sasa pensheni ilikuwa ndogo, nyumba kimya, na mchana mrefu. Akaulima ua mzima kwa wiki moja: bamia, tungule, bilingani, mchicha na pilipili. Mbegu za mchicha, zilizo ndogo mfano wa chembe za mchanga, akazifukia kina cha kidole. Samadi ya mbuzi akaitia mbichi. Akamwagilia saa sita za mchana, kwa maji ya kisima yenye chumvichumvi. Nao ulikuwa mwezi wa Januari, kaskazi ikivuma na ardhi ikikauka. Kilichoota kiliungua, na kilichosalia kililiwa na kuku.

Aliyemfumbua macho alikuwa jirani, mkongwe asiyejua kusoma, aliyesimama penye ua siku moja adhuhuri.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Maji hayo unalinywesha jua.”

Maneno hayo yalimchoma, kwani aliyezoea kusahihisha wengine huona tabu kusahihishwa. Hata hivyo, alikaa chini akajifunza. Aliambiwa aache ua mzima, ashike tuta moja, mahali ambapo udongo umejikusanya baina ya mawe. Samadi ilirundikwa pamoja na majani na maganda ya jikoni mpaka ikaoza na kupoa. Pipa liliwekwa chini ya paa la bati kungojea masika. Mvua za Machi zilipoanguka, mbegu za mchicha zilichanganywa na mchanga mkavu ili zisirundikane, zikatawanywa juu juu na kufunikwa kwa udongo mwembamba. Mbegu za bamia zililowekwa usiku kucha kabla ya kupandwa. Miche michanga ilitiwa kivuli cha makuti, na ua ukazibwa kuku wasipite. Siku isiyonyesha, maji yalimwagwa alfajiri au jioni.

Hazikupita wiki nne, mchicha ukawa tayari. Bibi alimfunza asiung'oe, bali aukate na kuacha kisiki chenye vifundo, ili uchipue tena. Chungu cha kwanza kilipikwa kwa tui, na nusu yake ikapelekwa kwa jirani.

Wapenda ushairi watalielewa jambo hili upesi. Anayejifunza kutunga haanzi kwa utenzi wa beti mia tano. Huanza kwa ubeti mmoja, akahesabu mizani, akavitafuta vina, akaurudia mpaka usimame. Tuta nalo lina mizani yake: kina cha mbegu, nafasi baina ya miche, saa ya maji, mwezi wa kupanda. Anayeyapuuza hayo hana mkosi, hajahesabu tu. Na kuhesabu hakuhitaji kipaji, kunahitaji kuja kila siku na kutazama: jani lililojikunja, mdudu chini yake, udongo uliokauka kidoleni.

Faida ya kutazama huko haikuishia jikoni. Aliyedhani hangojewi tena na mtu alikuta kuna kinachomngoja kila alfajiri. Na elimu iliyokuwa ikiishi katika kichwa cha mkongwe mmoja, bila ya kuandikwa popote, sasa ilikuwa katika vichwa viwili. Miche mitatu ya mchicha iliachwa isikatwe mpaka ikatoa mbegu. Zilikaushwa kivulini, zikafungwa kitambaani, zikawekwa mahali pakavu kungojea vuli, na fungu moja likatengwa kwa ajili ya atakayekuja kuuliza.