Nyaya Mbili Kutoka Kwenye Mixa

Kumbukumbu za muziki wa Arusha huanza na safari. Kabla ya sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 kuzifungulia mlango redio binafsi, bendi iliyotaka kusikika nchi nzima ilitegemea zaidi studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, na kutoka chini ya Mlima Meru hadi huko ni zaidi ya kilomita 600. Kundi la hip hop la X Plastaz lilipoundwa Arusha mwaka 1996, enzi hiyo ilikuwa imeanza kupita. Albamu ya kundi hilo ya mwaka 2004, Maasai Hip Hop, ilitolewa na kampuni ya Ujerumani ikiwa na sauti ya mji huu waziwazi. Leo mixa ndogo, kompyuta na programu ya bure kama Audacity, iliyotoka mwaka 2000, vinatosha ndani ya chumba kimoja hapa mjini, Kijenge au Ngarenaro. Nayafurahia sana mabadiliko hayo. Ila nashikilia kwamba kilichotufikia nyumbani ni nyaya mbili tu. Stirio yenyewe, yaani kushoto na kulia kubeba sauti tofauti, wengi bado hatujaipokea.

Tazama waya wenyewe. Mixa hutoa sauti kwa matundu mawili, jekundu la kulia na jeupe la kushoto, kisha pande hizo hukutana kwenye pini moja ndogo yenye pete mbili nyeusi. Pini hiyo ikichomekwa kwenye tundu la kipaza sauti la laptop, ambalo mara nyingi ni mono, yaani la upande mmoja tu, upande mmoja wa muziki hupotea, na uliobaki hupasuka kwa sababu sauti ya mixa ina nguvu kuliko ya kipaza sauti. Dawa ni tundu la laini, lile la buluu kwenye kompyuta za mezani, au mixa yenye USB inayopitisha pande zote mbili. Lakini hata waya ukiwa sahihi, vitufe vya pani, vinavyopeleka sauti kushoto au kulia, vikiachwa vyote katikati, kushoto na kulia vitafanana kama mapacha: faili inakula megabaiti kama 10 kwa dakika kubeba kitu ambacho 5 zingetosha. Kwa kwaya mambo ni magumu zaidi. Kanisani mixa hupangwa kwa ajili ya watu waliokaa ukumbini; ngoma zinajitosheleza kwa mlio wake, fundi hazipandishi, na rekodi hutoka na waimbaji wakielea bila ngoma. Hapo vipaza sauti viwili vilivyosimamishwa mbele ya kwaya vinaweza kuishinda mixa nzima.

Wapo watakaosema huu ni usumbufu wa bure, kwa kuwa wimbo utachezwa kwenye simu yenye spika moja. Hoja ina uzito, na ndiyo maana kila rekodi ijaribiwe kwa mono pia. Lakini simu hiyohiyo huchomekwa hedifoni, na hapo ndipo wimbo wa Kimaasai unapofunguka: olaranyani, mwimbaji kiongozi, yuko katikati, na mngurumo wa wenzake unamzunguka pande zote, kila koo mahali pake. Wengine watauliza kwa nini tujifunge na njia mbili wakati kompyuta inarekodi kumi na sita. Anayeweza azirekodi zote. Ila mixa nyingi za nyumbani hutoa mbili tu, na kilichochanganywa humo hakitenguki. Basi pani zipangwe kabla ya kubonyeza kitufe chekundu, mzee anayeongoza akiwa bado amesimama mbele ya kipaza sauti na wenzake wakiitikia.