Hesabu gunia, usihesabu kilometa tu



Juma hili ninataka kuwaeleza namna nilivyokosea hesabu, mimi ninayefundisha hesabu. Ninaandika kwa sababu nimesikia kwamba vikundi viwili vya wamama hapa Butembo, na kimoja cha Beni, vinafikiri kununua gari mwaka huu. Kosa letu lisaidie wengine.

Miaka michache iliyopita kikundi chetu kilikuwa na wamama 14. Tulichanga kila juma, tuliandika kila franka katika vitabu vyetu, tulikopeshana. Mwisho wa mwaka, badala ya kugawana akiba, tulisema tununue gari la kupeleka mizigo Beni. Wengi wetu wanauza vitunguu, kabichi na viazi vinavyotoka upande wa Lubero. Wakirudi kutoka Beni wanaleta mawese, ndizi na mchele. Kila juma sehemu kubwa ya faida ilibaki kwa wenye magari. Mimi siuzi sokoni, lakini mama mkwe wangu anauza, na mimi ndiye mwandishi wa kikundi.

Wamama waliniuliza: "Mwalimu, wewe umesoma ISP. Tununue gari gani?" Nilichukua chaki, nikaandika ubaoni bei ya lita ya mazutu na bei ya lita ya esansi siku ile, na kilometa ambazo kila gari linatembea kwa lita moja. Gari la mazutu lilishinda. Wamama walipiga makofi. Hesabu ilikuwa sahihi, lakini haikuwa kamili.

Tulinunua gari la mazutu lililokwisha kutembea sana. Kwa miezi minne lilifanya kazi vizuri. Halafu siku moja, kwenye mpando baada ya Maboya, lilikohoa, likatoa moshi, likasimama. Fundi alifungua akakuta maji katika mafuta. Shofere alikuwa ameona pesa haitoshi, akanunua mazutu ya bidoni kando ya barabara. Pampu na injekta zilikuwa zimeharibika. Vipuri vilitafutwa hadi Kampala. Gari lilikaa garajini majuma saba.

Katika majuma yale saba tulirudi kulipa magari ya watu, na deni la garaji lilikula akiba iliyobaki. Mama mmoja wa kikundi, mjane, alikuwa ametegemea mkopo wetu kwa kulipa minervali ya binti yake. Shule ya msingi ni ya bure tangu 2019, lakini sekondari tunalipa sote, mnajua. Mkopo haukupatikana. Binti yule alikuwa mwanafunzi wangu. Nilikuwa ninaingia darasani kufundisha hesabu na kuona nafasi yake tupu kwenye benchi la tatu. Sikuweza kumlaumu shofere peke yake. Ni mimi niliyeandika ubaoni.

Tuliuza gari lile kwa hasara na tukachanga tena, miaka miwili. Tulipofikia kununua la pili, niliomba wamama tufanye hesabu pamoja, polepole, kwa maswali ya kila mmoja. Tulionyeshwa magari matatu: la mazutu, la esansi, na moja la ibride. Ninaeleza tuliyojifunza.

Kwanza, ibride ni nini? Mama mmoja aliogopa: "Umeme ukikatika, gari litalala?" Hapana. Ibride ya kawaida haichomekwi kwenye umeme wa nyumba. Ina injini ya esansi na mota ya umeme pamoja. Ukipunguza mwendo, au ukishuka mlima, mota inageuka kuwa jenereta na kurudisha nguvu katika betri. Gari la kwanza la namna hiyo kuuzwa kwa wingi ni Toyota Prius, lililoanza Japani mwaka 1997. Ndiyo maana leo mengi yanafika kwetu yakiwa yamezeeka, kupitia Mombasa na Uganda.

Ibride inaokoa mafuta mengi mjini, pale gari linaposimama na kuondoka kila mara. Lakini ukipanda mlima mrefu na mzigo, betri inaisha, na injini ndogo ya esansi inabaki kuvuta peke yake. Tena Butembo iko zaidi ya meta 1,700 juu ya bahari. Hewa ya kwetu ni nyepesi, na injini isiyo na turbo inapoteza nguvu. Betri pia inahitaji upepo wa kuipoza. Katika magari mengi ya Toyota tundu la upepo huo liko karibu na kiti cha nyuma. Vumbi likiliziba, betri inapata joto na kuzeeka haraka. Fundi wa kuifungua betri ile hatukumpata karibu.

Mazutu nayo ina uzuri wake, tusiseme uongo. Lita ya mazutu ina nguvu zaidi ya lita ya esansi, na injini yake inavuta mzigo vizuri ikiwa katika mwendo mdogo. Kwa lori la kwenda Kasindi hakuna mjadala. Lakini pampu yake inalainishwa na mazutu yenyewe. Ukitia maji, au mafuta yaliyochanganywa na petroli ya taa, chuma kinasaga chuma. Na injini mpya za mazutu zina pampu ya nguvu sana na injekta zenye matundu madogo kabisa. Zinaumia haraka kuliko zile za zamani. Tena moshi wake si wa kuchezea. Mwaka 2012 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani waliuweka katika orodha ya vitu vinavyoleta kansa. Msiache injini ya mazutu inaunguruma mbele ya jiko au pale watoto wanapocheza.

Esansi inakunywa zaidi, lakini kila fundi wa Butembo anaijua, na vipuri vyake vinapatikana.

Sasa hesabu. Bei ya mafuta inabadilika, kwa sababu mengi yanatoka bandari ya Mombasa, yanapita Uganda na kuingia Kasindi. Barabara ikifungwa kwa ajili ya vita, bei inapanda siku ileile. Kwa hiyo safari hii tulihesabu kwa lita kwanza, si kwa pesa. Butembo mpaka Beni ni kilometa 54, kwenda na kurudi 108. Mashofere wa magari yale matatu walituambia: la esansi linakunywa lita 11 kwa kilometa 100, la mazutu lita 9, la ibride lita 6.

Wamama wote walitazama ile 6. Ndipo mama mmoja muuza vitunguu, ambaye hakumaliza shule ya msingi, akauliza: "Mwalimu, hilo la lita 6 linabeba magunia mangapi?"

Tulikwenda kuangalia. Magari ya esansi na mazutu yalibeba magunia 10. La ibride, dogo na la chini, magunia 5. Tukaandika upya:

Esansi: lita 12 kwa safari, yaani lita 1.2 kwa gunia.
Mazutu: karibu lita 10 kwa safari, yaani lita 1 kwa gunia.
Ibride: lita 6 na nusu kwa safari, yaani lita 1.3 kwa gunia.

Kwetu sisi tunaopeleka magunia 20 kwa juma, ibride ingelazimika kwenda mara nne, na ingekunywa kuliko yote. Kumbe gari la kunywa kidogo kwa kilometa linaweza kuwa la kunywa sana kwa gunia. Lakini kwa mtu wa taksi, anayezunguka mjini mchana kutwa na abiria wanne, hesabu inageuka, na ibride inaweza kurudisha pesa yake, ikiwa betri ni nzima.

Mazutu iliokoa lita 4 kwa juma, kama lita 200 kwa mwaka. Nilifungua kitabu cha deni la zamani: ile pampu na injekta zilitugharimu bei ya lita zaidi ya 400. Ajali moja ya mafuta machafu ilikula faida ya miaka miwili, na bado sijahesabu majuma saba ya garajini, wala benchi tupu.

Tulichagua la esansi. Lakini kabla ya kulipa, mama mkubwa wa kikundi alitazama mlango. Gari lilitengenezwa kwa nchi za kuendesha upande wa kushoto, kama Japani na Uganda. Mlango wa kusukuma uko kushoto. Kwetu Kongo tunaendesha kulia, kwa hiyo mtoto akishuka anashukia katikati ya barabara, mbele ya pikipiki. Tuliliacha, tukangoja mwezi mzima mpaka tukapata lenye mlango kulia. Lilitugharimu dola 300 zaidi. Hakuna mama aliyelalamika.

Tunayoshika sasa ni haya. Kila safari, sehemu ya pesa inaingia katika sanduku la garaji, na sanduku hilo haligusi akiba ya mikopo. Mafuta yananunuliwa mahali pamoja panapojulikana, na shofere anapewa pesa inayotosha. Tukilazimika kununua ya bidoni, tunamimina kwanza katika chupa nyeupe na kungoja kidogo: maji ni mazito, yanakaa chini, utayaona. Esansi iliyochanganywa na petroli ya taa haionekani hivyo, kwa hiyo tunaiogopa zaidi. Na kila miezi mitatu tunafanya hesabu upya. Tangu 2021 serikali ya Kongo na ya Uganda zilianzisha kazi ya barabara, pamoja na Kasindi mpaka Beni na Beni mpaka Butembo. Barabara ikibadilika, hesabu nayo inabadilika.

Binti yule alirudi masomoni baada ya mwaka mmoja. Alipoteza darasa moja, wenzake wamemtangulia. Anakaa mbele sasa. Siku nilipofundisha sheria ya tatu, nilitumia mfano wa magunia na lita, na yeye ndiye aliyemaliza wa kwanza. Nilimsahihishia daftari lake, sikusema kitu.

Wamama, mkikaa kuamua juu ya gari, ulizeni bei, ulizeni lita. Halafu ulizeni magunia, ulizeni fundi yuko wapi, ulizeni mlango uko upande gani. Na siku gari litakaposimama, ulizeni ni nani kati yenu atakayelipa kwanza. Mara nyingi ni yule mwenye kidogo.

Mwalimu wenu, mwandishi wa kikundi