Mfasiri Asiye na Ulimi

Swali la uaminifu katika tafsiri halijapata kuzeeka. Je, mfasiri afuate maneno au afuate maana? Eugene Nida alilijadili kwa kina mwaka 1964 alipotofautisha ulinganifu wa kimuundo na ulinganifu wa kidhima, nasi wanafunzi wa Kiswahili tungali tunalijadili madarasani. Nia yangu hapa ni kulitazama swali hilo kupitia chombo kisicho na ulimi wala fasihi: kisanduku alichokiunda mdogo wangu ili kitafsiri ishara za rimoti.

Haja yenyewe ilitokana na mama yetu. Macho yake yamefifia, na kwa miaka mingi vidole vyake vilizoea kuisoma rimoti ya televisheni kuukuu ya Sony. Televisheni hiyo ilipokufa, ilinunuliwa ya aina nyingine, ambayo rimoti yake ni laini kama kigae. Vidole havikuwa na pa kushika. Ikawa kila inapowadia taarifa ya habari ya saa moja usiku, mama sharti amwite mtu. Mwenye nyumba akageuka mwombaji sebuleni mwake.

Rimoti huzungumza kwa mwanga wa infraredi, ambao jicho la binadamu halioni. Mwanga huo hutoka kwa mapigo, na mapigo hayo ndiyo maneno. Hata hivyo, kila lugha ina sarufi yake. Katika lugha ya Sony, maana imo katika urefu wa pigo: pigo la milisekunde 1.2 ni moja, la milisekunde 0.6 ni sifuri. Katika lugha ya NEC, inayoeleweka na televisheni mpya, mapigo ya tarakimu yote yana urefu mmoja. Kinachotofautisha moja na sifuri ni kimya kinachofuata. Lugha moja husema kwa sauti, nyingine husema kwa kunyamaza. Kwa hiyo, kuyanakili mapigo ya Sony yalivyo na kuielekezea televisheni hiyo ni tafsiri sisisi isiyoeleweka kamwe. Maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo iliyo katika kipande kimoja cha silikoni, huipokea ishara, huivua umbo lake, huitambua amri iliyomo, kisha huivika umbo la NEC na kuirusha upya. Maana huvuka, umbo hubaki ng'ambo.

Palizuka tatizo la takriri. Rimoti ya Sony huurudia ujumbe wake angalau mara tatu kwa kila kubofya. Kisanduku kilipotafsiri kila rudio kama amri mpya, televisheni iliwaka, ikazima, ikawaka tena. Ilibidi programu ifunzwe kwamba jumbe zinazofuatana papo kwa papo ni kauli moja. Mwanafunzi wa Kiswahili hahitaji kuambiwa hilo mara mbili: "polepole" si "pole" mbili.

Sidai kwamba kisanduku hiki kingeweza kutafsiri shairi. Jedwali lake la amri lina mwisho, na kila amri ina maana moja tu, ilhali shairi huishi kwa maana zinazogongana. Hata hivyo, kuna jambo ambalo kimeniwekea wazi. Mara nyingi katika mijadala yetu tunamtazama mpokeaji: je, msomaji ameelewa? Hapa anayestahili kutazamwa ni msemaji. Televisheni haikupungukiwa na chochote. Aliyepungukiwa ni mama. Kifungu cha 50 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mshtakiwa asiyeelewa lugha inayotumika kortini haki ya kupata mkalimani bila malipo. Uzito wa korti si uzito wa sebule, lakini msingi ni ule ule: mtu asilazimike kubadili ulimi ndipo asikilizwe.

Tunapopima ubora wa tafsiri, basi, tusiishie kuuliza kama matini lengwa inalingana na matini chanzi. Tuulize pia ni nani aliyerudishiwa kauli yake.