Kwa mjukuu wangu: tamaa, mateso na bei ya kahawa

Buddha, aliyeishi kaskazini mwa Bara Hindi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alifundisha kweli nne: mateso yapo, chanzo chake ni tamaa, yanaweza kukoma, na iko njia ya kuyakomesha. Kutaka chakula au ada ya watoto siyo tamaa anayoisema. Tamaa hiyo ni kung'ang'ania kinachopita kana kwamba kitadumu. Kanisani Kibosho na msikitini Moshi mjini tamaa hukemewa pia. Buddha yeye hutumia muda mwingi kueleza inavyofanya kazi.

Kahawa ya Kilimanjaro ni ushahidi wa kutosha. Julai 1975 baridi kali iliunguza mikahawa ya Brazil, na bei ya dunia ikapanda hadi kilele mwaka 1977, kisha ikashuka. Julai 1989 mgao wa mauzo chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulisimamishwa, bei ikaporomoka, na miaka iliyofuata wapo waliong'oa mikahawa kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, wakapanda mahindi na nyanya. Hasara hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini Buddha alifundisha kwamba asiye na hekima huchomwa mishale miwili: wa kwanza ni tukio lenyewe, wa pili ni manung'uniko juu yake. Mkulima aliyepima kila msimu kwa bei ya 1977 alijichoma huo wa pili, hata msimu ulipokuwa wa kawaida tu.

Njia ya kukomesha mateso ina sehemu nane, kuanzia mtazamo sahihi hadi utulivu wa akili. Katikati yake zimo kauli njema na riziki ya halali. Biashara ya vileo imo kati ya zile zisizofaa, neno zito kwa nchi ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Hata hivyo, asiye mtawa hakuambiwa aache mali. Kijana aitwaye Sigala alishauriwa agawe mapato mafungu manne: moja la matumizi, mawili ya kuendeleza kazi, la nne akiba ya siku ya shida. Ushauri huo unamfaa mwenye kihamba hata leo, kabla fedha ya kahawa haijafika mkononi.

Mwenye maswali zaidi atapata hekalu la Kibuddha Upanga, Dar es Salaam, lililoanzishwa na Wasinhala enzi za ukoloni.

Babu yako,
Kibosho