Kutu

Nyumbani kwetu, tasa ni mwanamke. Mwanaume asipopata mtoto hatumtafutii jina, tunamtafutia mke wa pili. Ndiyo maana wifi yangu, katika miaka mitano ya ndoa, alipigwa ultrasaundi mara tatu, akapigwa picha ya mirija ya uzazi na kunyweshwa mizizi, kabla mtu yeyote hajampa kaka yangu kikopo cha kuwekea shahawa.

Majibu yalipotoka, kaka alinitumia kwa simu usiku, bila salamu. Kwetu kaka na dada hawazungumzi mambo hayo uso kwa uso. Idadi ya mbegu haikuwa mbaya, ila nyingi hazikuwa na mwendo. Kliniki ilimshauri alipie kipimo kingine, cha msongo wa oksidesheni, pamoja na mfuko wa vidonge. "Mdogo wangu, wewe ndiye unayesomea haya. Kina maana?"

Nasoma shahada ya uzamili ya biokemia, na bado swali lake lilinichukua wiki nzima.

Nilimwandikia kwamba ni kama kutu. Oksijeni inayotuweka hai ndiyo inayokula chuma. Mwilini huzaa chembe kali zinazoshambulia chochote kilicho jirani, na seli hujilinda kwa vimeng'enya. Mbegu ya kiume ina mkosi wake: utando wake umejaa mafuta laini yanayoharibika upesi, na ili iwe nyepesi imetupa sehemu kubwa ya ute wa seli, walinzi wakiwemo. Mwaka 1943, John MacLeod alionyesha kwamba mbegu zikikaa kwenye oksijeni nyingi hupoteza mwendo. Hata hivyo, bila kiasi kidogo cha chembe hizo mbegu haiwi tayari kuingia kwenye yai. Shida ni zinapozidi.

Kuzipima ni kazi ya kufukuza cheche. Njia moja hutumia luminoli, kemikali inayotoa mwanga ikikutana nazo, na mashine huhesabu mwanga huo. Sampuli lazima iwe mbichi, ndani ya saa moja hivi. Tena seli nyeupe za damu hutoa chembe kali nyingi kuliko mbegu zenyewe, kwa hiyo namba kubwa huenda inazungumzia maambukizi. Njia nyingine husoma milivolti, nyingine hutafuta mabaki ya mafuta yaliyoharibika. Kila moja ina namba zake, na huwezi kulinganisha hii na ile. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 umekiweka kipimo hiki kwenye kundi la vipimo vya juu, si vya kawaida.

Vidonge navyo vina habari yake. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulifuata wanandoa 2,370 waliokuwa wakitafuta matibabu ya uzazi. Wanaume wa kundi moja walipewa zinki na asidi ya foliki, wa kundi la pili vidonge visivyo na dawa. Waliopata mtoto walikuwa asilimia 34 kwa waliomeza dawa, na 35 kwa wengine.

Nikamwambia: pesa hiyo iache kwanza. Nenda kwa daktari akukague mishipa ya korodani kama imevimba, apime maambukizi, na sigara uache leo. Vyote vitatu huongeza kutu, na vyote vina la kufanywa.

Alijibu, "Sawa." Baada ya dakika chache ukaja ujumbe mwingine: "Mama nimwambieje?"

Nilimwambia amwambie hivyo hivyo alivyoniambia mimi.

Alimwambia Jumapili, wifi akiwepo. Mama aliuliza mara mbili kama ni kweli mwanaume naye hupimwa, kisha akanyamaza. Wifi hakusema kitu. Aliinuka akaenda kuanua nguo, zikiwa bado mbichi, na hakurudi ndani mpaka giza lilipoingia.