Chuo cha Damu Moja katika Vilima vya Kentucky

Wazazi wengi wakimtafutia mtoto chuo huuliza habari za majengo, za diploma na za bei. Ni wachache wanaouliza kama mtoto atasalimiwa huko. Lakini sisi tuliolala bwenini twakumbuka vema: mgeni asiye na mwenzi wa kula naye, hata hesabu anazozijua humshinda.

Tulikuwa tumefika Lexington, mji wa jimbo la Kentucky huko Marekani, ambako jamaa nyingi za Kongo zimehamia. Waliotupokea wana binti aliyekuwa akimaliza shule ya sekondari. Siku moja baba yake alitupakia sote katika motokari, tukaelekea kusini yapata kilomita 60, hata pale malisho ya farasi yanapokoma na vilima kuanza. Ndipo Berea.

Kijana mmoja alikuwa akifagia baraza. Alipotuona tukishangaa-shangaa aliegemeza ufagio ukutani, akatuamkia, akatuongoza. Tulimdhani mtumishi, kumbe ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Huko kila mwanafunzi hufanya kazi, si chini ya saa 10 kwa juma: huyu hufuma nguo, yule hutengeneza mifagio, mwingine yuko shambani, mwingine ahudumia wageni katika hoteli ya chuo, Boone Tavern, iliyofunguliwa mwaka 1909. Ada ya masomo haitozwi tangu mwaka 1892, nao wanaopokelewa ni hasa watoto wa wasio na mali, wengi wao wa milima ya Appalachia. Basi ni nani atakayemcheka mwenziwe kwa viatu vyake? Anayefagia leo, kesho atafagiliwa.

Saa sita mchana tuliomba kuona mahali pa kula. (Twawashauri wazazi wafanye vivyo hivyo po pote waendapo, kwani karatasi za chuo husifu kila kitu, lakini meza hazijui kusema uongo.) Tuliona weusi, weupe na wageni wa nchi za mbali wamechanganyikana, na binti yetu akaitwa aketi nao kabla hajataja jina lake.

Hata hivyo ukarimu huo una kovu. Chuo kilianzishwa mwaka 1855 na John G. Fee, mhubiri aliyepinga utumwa, kwa neno la Matendo ya Mitume kwamba mataifa yote ni damu moja. Mwaka 1859 watu wenye silaha waliwafukuza yeye na wenzake. Vita vilipokwisha walirudi, na mwaka wa masomo ulioanza 1866 walisoma pamoja weusi 96 na weupe 91, jambo la ajabu katika nchi ile. Lakini mwaka 1904 sheria ya jimbo ilikataza rangi mbili kusoma pamoja. Chuo kilishtaki mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, kikashindwa mwaka 1908. Wanafunzi weusi wakaondoka. Chuo kikawachangia fedha za shule nyingine, Lincoln Institute, iliyofunguliwa mwaka 1912. Carter G. Woodson, mwana wa watumwa aliyekuja kuwa mwanahistoria mashuhuri, alikuwa amepata diploma yake Berea mwaka 1903, mwaka mmoja tu kabla mlango haujafungwa. Ulifunguliwa tena mwaka 1950.

Binti alisikiliza hayo yote, kisha akamwuliza yule kijana: “Kaka, miaka ile mimi ningefukuzwa?”

“Ndiyo, dada,” akajibu. “Ungefukuzwa, na mimi mweupe ningebaki.” Hakutafuta neno la kulipamba jambo hilo. Akarudi kwenye ufagio wake, kwa kuwa saa yake ya kazi haijaisha.

Njiani binti alinyamaza muda mrefu. Malisho ya farasi yalipoonekana tena, alimwuliza baba yake: “Baba, siku ya mwisho ya kupeleka maombi ni lini?”